Mama kapungua kilo tisa na kila mtu anamkataza chakula

BARUA

Assalaam alaykum Bibi, shikamoo. Mie nipo Wete, Pemba, nna miaka 31, nnaishi na mama yangu mzazi, mume wangu na watoto watatu. Nnakuandikia usiku mana mchana sipati nafasi, na nikikaa na simu mama anauliza unamuandikia nani.

Mama ana miaka 63. Hajavuta sigara hata siku moja, lakini tokea najijua namuona ni mtu wa kukaanga, asubuhi maandazi na vitumbua, jioni bajia na mihogo, kwa kuni na makumbi, na jiko lenyewe kibanda cha makuti ukuta wa udongo hakina hata dirisha, ndo alivotusomesha skuli sote wanne. Kikohozi kilianza zamani tukakizowea, tukasema moshi. Mwaka juzi ndo akaanza kutweta, akitoka dukani anapumzika njiani mara mbili, alafu ikawa hata kwenda chooni. Tukampeleka hospitali akapigwa picha, akapulizishwa kwenye mashine, wakasema ni ugonjwa sugu wa mapafu, kwenye cheti imeandikwa COPD. Kapewa pampu mbili na vidonge na kweli zinamsaidia, alhamdulillah.

Tabu yangu mie ni chakula Bibi. Siku ile ya kwanza walipompima alikuwa kilo 52, juzi kapimwa kilo 43, miezi minane tu. Baibui linamuelea kama kaazima la mtu. Na kila anaekuja kumtazama ana lake la kumkataza. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, kasema samaki marufuku eti wanaongeza belghamu, na wenye mafuta kama vibua ndo kabisa. Jirani kasema mayai na maziwa yanaganda kifuani. Ami katuma klipu kwenye grupu la familia, mtu kavaa koti jeupe anasema mgonjwa wa mapafu asile wanga hata kidogo. Mwengine kaja na lake, dafu ni baridi, ndizi baridi, embe baridi. Nazi ina mafuta. Sasa Bibi ukiondoa hayo yote, kilichobaki Pemba ni nini?

Sasaivi asubuhi anakula uji mweupe, mchana wali na mchuzi wa nyanya, jioni chai kavu na boflo. Na hicho nacho tonge tano sita kishasukuma, anasema tumbo limejaa pumzi hazipandi. Juzi nilimtia yai kwenye mchuzi nikalivuruga asilione, akalijua kwa harufu, akaniuliza kwa upole tu kama nimechoka kumuuguza. Nilitoka nje nikalia.

Na Ramadhani hio inakuja. Mwaka jana alifunga siku kumi na moja akaishia wodini, mwaka huu kashasema anafunga zote. Mume wangu ni wa bodaboda, maziwa ya kopo ya wagonjwa yale nimeuliza bei nikaondoka dukani kimya kimya. Nimpikie nini? Na wakubwa wangu niwaambieje bila kuonekana nimekuwa mjuaji?

Mtoto wa Wete

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu, marhaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili na miwani. Pale ulipouliza kilichobaki Pemba ni nini nilicheka peke yangu hapa barazani, alafu nikarudi kwenye hio kilo 43 kicheko kikanikauka.

Nianze na lile nisije nikalisahau. Mtu anaekohoa na kupungua namna hio, hata kama cheti chake cha COPD anacho mkononi, arudi hospitali akapimwe makohozi ya kifua kikuu. COPD haimkingi mtu na TB, zinaweza kukaa mwili mmoja, na vipimo na dawa zake ni bure. Sukari nayo wampime, hasa kama kwenye hivo vidonge mna prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, mana ile inapandisha sukari. Sisemi anayo. Nasema kilo tisa kwa mtu wa kilo 52 ni zaidi ya sehemu moja katika sita ya mwili wake imekwenda, na wewe usikubali kuambiwa ni uzee, miaka 63 ni uzee gani.

Haya, wakishampima wakasema hana jengine, basi tujue mama yako anaumwa mapafu lakini pia ana njaa. Njaa ndani ya nyumba yenye chungu na watu wanaompenda, na hio ndo mbaya kuliko zote mana hakuna anaeiona.

Nikwambie inavokwenda. Wewe na mie tukivuta pumzi hatuna habari, kazi inajifanya yenyewe. Mama yako njia za hewa zimebana, hewa inaingia lakini kutoka inagoma, kifua kinabaki kimejaa hewa ya zamani, na misuli ya mbavu inafanya kazi kutwa kucha kama mtu anaepiga makasia na mkondo unamkataa. Kazi hio inakula chakula. Misuli ya pumzi ya mgonjwa kama yeye inaweza kutumia nguvu hata mara 10 ya misuli ya mtu mwenye afya. Kwa hio hata akiwa amekaa kitako anaangalia wajukuu, mwili wake uko kazini, na nyie wakati huo huo mmempunguzia posho. Mwili ukikosa chakula unajila wenyewe, unaanza mapaja, mikono, mwisho unafika kwenye hio hio misuli inayovuta pumzi, sasa pumzi zinazidi kuwa ndogo, akila anachoka, akichoka anasukuma sahani, na kesho yake anaamka ana nguvu ndogo kuliko jana.

Twende kwenye hivo mlivokatazwa. Samaki hawaongezi belghamu. Hii habari nimeikuta Makunduchi nimeikuta Micheweni, na mie nadhani imezaliwa hivi: mtu anakaanga vibua, mafuta yanachemka, moshi unapanda, mgonjwa kakaa pembeni anaanza kukohoa mpaka machozi, watu wanasema umeona, samaki hao. Kumbe ni moshi wa kikaangio. Mchemshie huyo huyo kibua, au mtie kwenye mchuzi wa nazi na mbilimbi, uone kama atakohoa. Na hao wa mafuta shangazi aliowapiga marufuku, vibua, jodari, dagaa, ndo wenye mafuta yale mazuri ambayo watu wa Ulaya wanayanunua kwenye vidonge, sisi yanatushukia diko la Wete bado yanarukaruka. Wa kuacha samaki ni yule akiwala anawashwa au anavimba midomo, na huyo tunazungumza mengine.

Maziwa hapa nina aibu yangu ya kusema. Mie nimestaafu unesi, na marehemu mume wangu alikufa na mapafu haya haya, yake yalikuwa ya sigara. Mwaka mzima nilimnyima mtindi, mtu alikuwa anapenda mtindi kuliko pilau, kwa sababu mama mkwe alisema unaganda kifuani na mie na unesi wangu wote nikanyamaza nikatii. Maziwa hayatengenezi belghamu. Yakichanganyika na mate yanakuwa mazito kidogo kooni, mtu anahisi kama kohozi, akinywa funda la maji linaondoka. Basi. Kama maziwa ya kawaida yanamjaza tumbo gesi au yanamuharisha mpe mtindi, tumbo linaupokea vizuri zaidi. Yai nalo halina kosa lolote, yai moja lina karibu gramu 6 za protini na kuku wenyewe wanapita uani.

Dafu na embe na ndizi sina ugomvi navyo. Hio pampu ya kufungua kifua, na prednisolone kama anatumia, zinaweza kushusha madini ya potasiamu mwilini, na dafu na ndizi ndo wenye potasiamu. Isipokuwa kama dokta kamwambia figo zake zina hitilafu au moyo umechoka, hapo aulize kwanza kiasi gani. Kama hataki dafu la kwenye friji mpe la hivi hivi, ubaridi hana.

Klipu ya ami ina punje ya ukweli, ndo mana zinaenea. Wanga ukiungua mwilini unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mafuta, na mapafu ya mama yako kuitoa hio kaboni ndo tabu yake. Lakini kutoka hapo mpaka kumwambia mtu wa kilo 43 asile wanga hata kidogo ni safari ndefu, mwenye koti jeupe kairuka yote. Maana yake ni kuwa apunguze soda, chai ya sukari vijiko vinne, juisi za paketi, na tonge tupu zisizo kitu pembeni. Na sasa angalia kichekesho, kama wanga ndo unaleta hewa chafu nyingi basi mwenye faida hapo ni nazi! Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9, ya wanga inatoa 4. Mtu anaeweza tonge sita tu, kila tonge lazima libebe mzigo. Wali mweupe na mchuzi wa nyanya ni tonge zinazokwenda mikono mitupu.

Kabla ya kukwambia upike nini nikuulize kitu ambacho hukuandika: anakula wapi? Nahisi mnakula kwenye jamvi, sinia katikati, kama tunavokula sote. Basi mtazame vizuri leo. Mtu mwenye kifua kile akikaa chini akainama kufikia sinia, tumbo linasukuma kiwambo cha pumzi juu, hewa haina pa kwenda, tonge la pili kachoka. Alafu anakula polepole, na nyie watu wazima na watoto watatu mna mikono miepesi, mpaka yeye amemeza tonge tatu upande wake umeshabaki wali mkavu, na kwa ustaarabu wake hawezi kusema niongezeeni. Na zaidi ya hapo ni mama, kipande cha samaki kikimfikia anakisukumia kwa mjukuu, hilo naapa. Usije ukafikiri kashiba.

Mpe kiti na stuli ya kuwekea sahani, aegemeze viwiko, mgongo umenyooka, na sahani yake mwenyewe. Ila usimtenge. Weka kiti chake pale pale kwenye jamvi na mmoja wa watoto akae juu nae, la sivo ataona kafanywa mgonjwa wa kando na sahani atairudisha nzima. Apumzike nusu saa kabla ya kula, asitoke kufua akaja mezani. Kama dokta kamruhusu kutumia pampu ya kufungua kifua kabla ya chakula atumie. Tonge ndogo, aweke kijiko chini, avute pumzi, aendelee. Maji anywe baada ya kula au katikati ya milo, akianza na bilauri mbili tumbo limeshajaa maji. Lakini kutwa anywe, yanalainisha makohozi, tena akipunguza maji ndo belghamu inakuwa nzito kama gundi na watu wanasingizia samaki.

Na milo mitatu mikubwa achana nayo. Midogo mitano au sita, na uzito mkubwa uweke asubuhi wakati bado ana nguvu, jioni kashachoka huyo.

Mie ningempikia hivi. Asubuhi ule ule uji aliouzowea, usimbadilishie kwa vishindo, lakini ndani yake twanga karanga laini utie, na tui zito mwishoni, au maziwa ya jirani mwenye ng'ombe, uwe wa mtama ukipata. Saa nne yai moja la kuchemsha na ndizi au kipande cha papai. Mchana wali wake wa nazi kidogo tu, kitoweo kingi, kipande cha samaki kama kiganja chake, na mchicha au matembele yaliyopikwa yakalainika. Alasiri bilauri ya mtindi na tende mbili, au parachichi mkipata limepondwa. Magharibi bakuli la choroko la nazi na boflo lake achovye. Kabla ya kulala maziwa vuguvugu, ukitaka tia iliki. Kwa mtu wa kilo 43 mwenye maradhi haya tunatafuta protini kama gramu 50 mpaka 65 kwa siku, na hapo ukihesabu yai, mtindi, maziwa, samaki na choroko umeshafika bila kopo lile la dukani. Kopo sio baya lakini ni maziwa, sukari, mafuta na vitamini, jiko lako linaweza. Akila wali na choroko kilichobaki kwenye mfuko wa bodaboda ni cha samaki, na siku samaki ghali mpe dagaa, aliwe na mifupa yake, mana prednisolone ikitumika muda mrefu inadhoofisha mifupa na dagaa wana kalsiamu hio hio ya maziwa.

Dagaa wa kuanikwa lakini huchemshwa kwa maji ya chumvi, warowanishe ukamwage maji mara mbili. Ng'onda na papa mkavu hivo hivo, kwa kidogo sana, na vidonge vya supu vile vya kutia mchuzini viache kabisa. Chumvi inashika maji mwilini na mapafu yakiumwa muda mrefu moyo nao unabebeshwa mzigo. Mpime uzito kila wiki, siku moja, nguo zile zile. Ukiona kapanda kilo mbili ghafla usishangilie, bonyeza mguu juu ya kifundo, kidole kikiacha shimo hayo ni maji, mpeleke hospitali.

Tumbo kujaa: maharage, kabichi, soda, na vya kukaanga vilivokunywa mafuta vinamjaza gesi, na tumbo la gesi na tumbo la kushiba yote yanasukuma kifua sawasawa. Choroko zina afadhali, ziroweke usiku umwage maji yake. Bajia zake mwenyewe najua anazitamani, mpe moja asisikitike.

Sasa mtazame ulimi. Moja ya hizo pampu mbili pengine ina dawa jamii ya prednisolone, na mtu akivuta bila kusukutua dawa inabaki mdomoni, unaota utando mweupe, chakula kinakuwa kama karatasi. Asukutue maji ateme kila akishavuta. Ukiuona huo utando amuoneshe dokta, una dawa yake, na wengi hamu ya kula inarudi hapo tu. Na kama kwenye vidonge mna aminofilini, dawa ya kufungua kifua, kahawa aipunguze, kahawa na dawa hio ni ndugu wa damu, zikikutana moyo unamwenda mbio na usingizi unakimbia.

Asali na tangawizi na habbat soda sikuvitaja kwa sababu havinisumbui, apewe akitaka kama sukari yake iko sawa, mradi pampu isiachwe. Ila msimlambishe samli au mafuta yoyote akiwa amelala eti yalainishe kifua, yanaweza kupotea njia yakaingia mapafuni yakaleta nimonia. Samli iende kwenye wali.

Jiko. Nimeliacha mpaka hapa lakini lilikuwa linanikera tokea mwanzo wa barua. Bado mnapikia kibanda kile kile? Watu kama bilioni 2.1 duniani wanapikia moto wa wazi au majiko ya moshi, na kwa kina mama wengi wa kwetu ambao hawajashika sigara maradhi haya yameanzia hapo. Mkiweza mtungi mdogo wa gesi mshukuruni Mungu, msipoweza toboeni ukuta, pande mbili ili upepo upite, kuni ziwe kavu kabisa, makumbi mabichi yasiingie, na yeye asiombwe hata kuangalia chungu. Kukuna nazi akitaka kusaidia akae kitini, sio kwenye mbuzi. Na udi! Najua hamkuuhesabu. Chetezo kinachofukizwa chumbani kila Magharibi ni moshi kama moshi mwengine, na dawa ya mbu ya kuchoma nayo hivo hivo. Nguo zake zifukizie nyumba ya jirani, ziletwe zinanukia, chumbani mtumie chandarua. Na wewe pia una watoto watatu humo jikoni migongoni.

Awe anatembea kidogo uani, asubuhi na jioni, akichoka akae. Protini bila kutumia misuli haigeuki misuli.

Ramadhani. Hili liangalie kwa heshima mana kwa mtu wa umri wake ni zito kuliko chakula chenyewe, anaweza kuhisi unamnyang'anya dini. Usimwambie wewe. Mpeleke kwa dokta wake kabla mwezi haujaandama aulizwe moja kwa moja, alafu jibu la dokta mlipeleke kwa shekhe anaemuamini yeye, sio unaemuamini wewe. Suratul Baqara aya ya 184 na 185 imemtaja mgonjwa kwa jina lake, na mwenye maradhi ya kudumu anatoa kibaba cha chakula kwa maskini kila siku asiyofunga. Kuhusu pampu mashekhe wana kauli tafauti, wako wanaosema inafunguza na wanaosema haifunguzi, ndo mana nasema aende kwa wake. Kitu kimoja usikubali, aache pampu mchana ili funga isiharibike, wengi wanaofanya hivo ndo wanaoishia wodini. Mwaka jana zilimfikisha kumi na moja akiwa na kilo zake hamsini na kitu. Na kama hakufunga, kibaba chake akipime yeye kwa mkono wake na futari akae nanyi kwenye kiti chake, uji wa pilipili manga mumtilie nae.

Usisubiri jibu langu jengine ukiona makohozi yamegeuka rangi yakazidi, au hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, au midomo na kucha zinapiga rangi ya kijivu au buluu, au anasinzia mchana na maneno yanampotea. Hapo ni hospitali saa hio hio hata kama ni usiku.

Wakubwa zako sasa. Wewe ukisimama ukasema samaki hana kosa, umekuwa mtoto aliesoma skuli kidogo anamfundisha shangazi yake. Mfanye hivi, siku ya kliniki mwambie shangazi unaomba akusindikize, wewe una mtoto mgongoni huwezi kumshika mama peke yako, na uongo hautakuwa. Akishakaa pale mbele ya dokta muulize dokta kwa sauti, samaki ale asile, mayai je, maziwa je. Unyamaze. Shangazi akitoka hapo ndo yeye atakaekwenda kumwambia jirani na ami, na atasema kama vile alikuwa anajua tokea zamani, muache aseme. Mama yako nae anamsikiliza wifi yake kuliko anavokusikiliza wewe, ndo mana yai lako kalikataa, kwa hio siku hio hio shangazi akiwa hapo hapo nyumbani chemsha mayai mawili, moja la mama moja la shangazi, wale pamoja mbele ya watu. La siri usimpe tena, akikukamata mara ya pili hata uji atauogopa.

Niandikie baada ya mwezi uniambie mizani imesema nini. Na shangazi akitoka kwa dokta bado anawakataa vibua, mpe simu aniandikie mwenyewe, mie na yeye tutaelewana, rika langu huyo.